Somo juu ya rampe ya ngazi ndani ya nyumba



Ukurasa wa masomo wa mara hii tumepewa sisi wa mwaka wa mwisho. Wengi walifikiri tutaandika juu ya Egzeta, na namna ya kukesha na vitabu. Lakini sisi tumechagua ngazi, yaani eskalie ya ndani ya nyumba, na hasa ile rampe ya kushika kwa mkono. Tunajua wengine watacheka. Basi, anayecheka aulize kwanza kwa nini dada yetu mmoja wa darasa la saba alifanya mitihani ya muhula uliopita kwa mkono wa kushoto, naye si wa kushoto.

Jina lake hatuandiki, yeye mwenyewe alituomba hivyo. Anakaa kwa baba yake mdogo, katika nyumba ya etaji moja. Jioni moja moto wa SNEL ulikuwa umekatika, naye alikuwa anapandisha maji juu, bidoni ya litre 20 kichwani. Litre 20 za maji ni kilo 20, na bidoni yenyewe bado hatujaihesabu. Mkono wa kuume ulishika bidoni. Upande wa kuume pia ndiko kuna ukuta. Mkono wa kushoto ulikuwa huru, lakini upande wa kushoto hakuna kitu, ni hewa tu, na chini ni saluni. Kwenye kipandio cha tisa maji yalimwagika kidogo, mguu ukateleza, mkono wa kushoto ukatafuta cha kushika, haukupata. Aliangukia simenti ya chini. Kipandio cha tisa kiko karibu mita moja na nusu tu kutoka chini, kimo cha mtu mfupi. Mkono wa kuume ulivunjika mahali pawili.

Tulikwenda kumpa pole siku ya Jumamosi, watano tulikuwa. Baba mdogo wake alitupokea vizuri, akatupa viti na fanta. Tulipoitazama ile eskalie tuliona kwamba kila vipandio vitatu vinne kulikuwa na chuma kimetokeza pembeni, kama shubiri moja hivi, kimeshika kutu. Mmoja wetu akauliza kwa heshima, "Baba, hivi vyuma ni vya nini?" Akajibu, "Watoto wangu, masoni aliviacha juu ya rampe. Hii eskalie haiyaisha bado." Tukauliza tena, "Tangu lini, Baba?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tangu mwaka wa mafuriko."

Mafuriko hayo sote tunayajua, hata wadogo wamesimuliwa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka njiani mwake, ukachukua watu na nyumba na madaraja. Familia ile ilikuwa inakaa chini, na juu walikuwa wanajenga polepole. Matope yalipoingia chini walipanda juu na magodoro, bila rampe, bila rangi, madirisha yakiwa ya maturubai. Walisema ni kwa juma mbili. Madirisha yalipata vioo. Rangi ilipakwa. Saluni ilisafishwa, ikawekwa viti vipya. Rampe tu ndiyo ilibaki kungoja, kwa sababu nyumba inaweza kukaliwa bila rampe, na kila siku isiyo na mtu wa kuanguka inaonekana kama ushuhuda kwamba haihitajiwi.

Hatuandiki haya kwa kumshitaki baba huyo. Tangu siku ile tumeingia na metre ya fundi katika nyumba nyingine za marafiki na jamaa, kwa ruhusa yao, na hali tuliyoikuta kwa wengi ni hiyo hiyo. Tena jambo hili linaongezeka. Mji wetu umebanwa, mashariki ziwa, magharibi milima ya Mitumba imesimama kama ukuta, na watu wanazidi. Katika miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, Tanganyika yenyewe ilipanda ikaingia katika viwanja vya pwani. Mwenye kiwanja kidogo afanye nini? Anajenga kwenda juu. Wazee wetu walikaa katika nyumba za chini, ngazi waliijua ya kanisani au ya ofisi. Sisi ndio kizazi cha kupanda ngazi kila siku na bidoni, na mtoto mgongoni, na sahani za chakula, bila mtu wa kutufundisha. Kwa hiyo tumejaribu kujifundisha.

MAJINA KWANZA

Watu wanachanganya vitu viwili. Gardefu ni ukingo wa kuzuia mtu asianguke upande ulio wazi. Rampe ni kitu cha kushika, kinachofuata mteremko wa ngazi kutoka chini hadi juu. Gardefu inazuia mwili, rampe inashika mkono. Mara nyingi chuma kimoja kinafanya kazi zote mbili, lakini si sikuzote. Mmeona zile gardefu za beton zenye vinguzo vilivyoumbwa kama chupa, na juu yake ubapa wa sentimita 20 uliopakwa rangi nyeupe. Ni nzuri kwa macho, na zinazuia mwili kweli. Lakini jaribu kuushika ule ubapa ukiwa unateleza. Vidole havizunguki, kiganja kinalala juu yake kama juu ya meza, halafu kinaondoka. Nyumba ya namna hiyo imetumia simenti nyingi, na rampe haina.

Upande wenye ukuta pia watu wanasahau. Wanasema, ukuta upo, nani ataanguka? Ni kweli hutaanguka kando, lakini utaanguka kwenda chini kwenye vipandio, na ukuta hauna mahali pa kushika.

VIPIMO

Hapa tunaomba wasomaji watoe daftari. Vipimo hivi vinatoka katika desturi na sheria za ujenzi za Ufaransa, Uingereza na Marekani. Nchi hizo hazilingani katika kila kitu, lakini hazipishani sana, kwa maana mkono wa mwanadamu ni mmoja.

Kimo cha rampe kinapimwa kwa kusimamisha metre wima kutoka kwenye ncha ya kipandio, si kutoka kwenye kona ya ndani. Kiwe sentimita 90 hivi. Wamarekani wanakubali kutoka 86 hadi 97, Waingereza kutoka 90 hadi 100. Ikiwa chini ya hapo, mtu mrefu anainama na uzito wake unapita juu ya rampe. Ikiwa juu mno, mkono hauna nguvu. Nyumba yenye watoto wadogo iongeze rampe ya pili, sentimita 60 hivi, kwa maana mtoto wa miaka minne haifikii ya wakubwa vizuri.

Unene wa kushika uwe kati ya milimita 32 na 51. Tiyo ya sentimita 4 ni nzuri sana. Chuma cha 12 peke yake ni chembamba, kinakata kiganja, tena mtu akishtuka hawezi kukikamata kwa nguvu.

Kama rampe iko ukutani, iachwe nafasi ya sentimita 4 au 5 kati yake na ukuta. Ikiwa karibu zaidi, vifundo vya vidole vinakwaruzwa na krepi, na mtu aliyekwaruzwa mara mbili hataishika tena, ataikimbia. Vishikizo vya ukutani vitokee chini ya rampe, ili mkono upite moja kwa moja bila kuachia.

Nafasi kati ya vyuma vya gardefu isipite sentimita 11, wengine wanasema 10. Sababu yake ni ya kutisha kidogo. Mtoto mdogo anaweza kupitisha miguu na kiwiliwili katika nafasi pana kidogo, halafu kichwa kinakwama. Tena vyuma visimame wima. Vikilala kama mistari ya daftari, mtoto atavipanda kama ngazi nyingine.

Nguvu: rampe nzima, mahali popote, ivumilie kusukumwa kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 90, kwenda nje, kwenda chini, upande wowote. Rampe inayotikisika tunaiona ni mbaya kuliko kukosa rampe, maana inadanganya. Asiye na rampe anatembea kwa woga, mwenye rampe ya uongo anaitegemea. Msijaribu kwa kuegemea mkiwa juu! Jaribuni kwa kuvuta kuelekea upande wa ngazi, miguu ikiwa imara.

Na jambo ambalo mafundi wengi hawalifikiri: mwanzo na mwisho. Rampe ianze kabla mguu haujafika kwenye kipandio cha kwanza, iendelee bila kukatika mpaka mguu uwe umefika juu kabisa. Katika giza, ni rampe inayokuambia ngazi inaanzia wapi na inaishia wapi. Kisha ncha zake zipindwe kuelekea ukuta au chini, zisibaki zimechongoka kushika mikono ya mashati na kamba za mifuko.

HESABU

Tuchukue nyumba ambayo kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu ni mita 3 na sentimita 6. Vipandio 18, kila kimoja kimo cha sentimita 17, vinafanya 306. Upana wa kukanyaga uwe sentimita 28. Mfaransa François Blondel, katika karne ya 17, alitoa kanuni inayotumika hata leo: kimo mara mbili, ongeza upana, upate kama sentimita 60 hadi 64, yaani hatua moja ya mtu. 17 mara mbili ni 34, na 28 ni 62. Ni ngazi nzuri.

Sasa, urefu wa ngazi chini ni kiasi gani? Wenzetu wengi walizidisha 18 kwa 28, wakakosa. Kipandio cha mwisho ni sakafu ya juu yenyewe, kwa hiyo upana wa kukanyaga ni 17 tu. 17 mara 28 ni sentimita 476. Pythagoras anatusaidia: 3,06 mara yenyewe ni 9,36, na 4,76 mara yenyewe ni 22,66. Jumla 32,02, na kipeuo chake ni mita 5,66. Tiyo inayouzwa ikiwa na mita 6, inatosha nyumba hii na kubakiza sentimita 34 za kupinda ncha. Yaani kitu kilichokosekana katika nyumba hizi zote, sehemu yake kubwa, ni tiyo moja.

Vyuma vya kusimama je? Desturi ya hapa ni kuweka viwili kwa kila kipandio. Kwa upana wa 28, kutoka chuma hadi chuma ni 14. Ukitoa unene wa chuma cha 12, inabaki nafasi ya 12,8. Haifai, imepita 11. Weka vitatu: 28 gawanya kwa 3 ni 9,3, nafasi inabaki 8,1. Vipandio 17 mara 3 ni vyuma 51 vya sentimita 90. Chuma kizima cha mita 12 kinatoa vipande 13, kwa hiyo vyuma vinne vinatosha. Ongeza kazi ya fundi sudere na rangi ya kuzuia kutu, maana hewa ya ziwa inakula chuma haraka. Mwambieni sudere asage kila alama ya kuunganishia mpaka iwe laini. Tulishika rampe moja, nzuri kwa kila kipimo, iliyokuwa na meno ya sudi chini yake. Mwenye nyumba alituambia watoto wake hawaishiki. Tuliposikia meno yale tulielewa.

Neno moja juu ya vipandio vyenyewe. Katika ngazi ya yule dada yetu tulipima 17, 17, halafu 21, halafu 15. Mguu unajifunza kimo katika vipandio viwili vya kwanza na kutegemea vingine vyote viwe sawa. Masoni akikosea kofraji, rampe ndiyo msaada uliobaki.

MAMBO YA SHERIA NA YA MAANDIKO

Wenzetu wa Komersiale wanaosoma droit walitukumbusha dekre ya tarehe 30 Julai 1888, ile ya mapatano na wajibu. Kifungu cha 258 kinamtaka anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake aifidie, na cha 259 kinaongeza kwamba mtu anajibu pia kwa uzembe wake na kwa kukosa uangalifu. Lakini katika familia, nani atampeleka baba mdogo wake mahakamani? Kwa hiyo tuliangalia pia Kumbukumbu la Torati 22:8. Wengi wetu tumeupita mstari huo bila kusimama. Unamwagiza ajengaye nyumba mpya azungushe ukingo darini, damu isije ikahesabiwa juu ya nyumba yake mtu akianguka. Ni gardefu! Na inatajwa pamoja na kujenga, si kama kitu cha baadaye, ikipatikana feza. Tena katika Matendo 20 kijana Eutiko alisinzia dirishani, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, Paulo akiwa anahubiri. (Wale wanaosinzia katika ibada ya asubuhi wasifurahi, kwetu hakuna etaji.)

Na matetemeko. Wazazi wanakumbuka lile la tarehe 5 Desemba 2005, lililotoka chini ya ziwa letu, na lile la Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 lililopiga Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda. Nchi ikitikisika watu wanakimbilia ngazi, na hapo wanaumizana. Inatupasa kujikinga tulipo, chini ya meza imara, mpaka mtikisiko upite, kisha kushuka mmoja mmoja, mkono juu ya rampe.

TULIVYOFANYA

Turudi kwa ile nyumba. Baba alisema feza ya sudere itapatikana mwezi mwingine. Tulimwomba ruhusa ya kuweka miti kwa muda, akakubali. Tulitafuta miti ya kaliptusi, mmoja mrefu ulionyoka, tukaumenya na kuusugua kwa papye vere mpaka ukawa laini.

Kwanza tulitaka kuufunga ukutani, kwa kuwa ni rahisi kupigilia. Tulikuwa tumeanza kutoboa wakati dada yetu, mkono ukiwa bado katika plasta, alisema polepole, "Kaka, upande huo mkono wangu unashika bidoni." Tulisimama kama watu waliomwagiwa maji. Watano, wenye hesabu za Pythagoras, na hatukuwa tumemwuliza yeye anayepanda. Tukahamia upande wa wazi. Tulisimamisha nguzo kutoka sakafu ya chini, tukazifunga kwa waya kwenye vile vyuma vya masoni, kila kimoja mara nyingi, na mti mrefu juu yake kwa kimo cha 90. Ncha za vyuma tulizifunika kwa kandambili zilizokatwa, zisichome mtu.

Tulipomaliza tulijisifu. Yeye akafumba macho akaja kutoka mlangoni, mkono wa kushoto mbele. Mguu wake uligonga kipandio cha kwanza kabla mkono haujapata mti, kwa sababu tuliuanzisha kwenye kipandio cha tatu, mahali nguzo ya kwanza iliposimama vizuri. Tulifungua waya, tukaongeza nguzo moja mbele ya ngazi. Mara ya pili mkono ulifika kwanza.

Kuna kasoro ambayo bado ipo. Nafasi kati ya nguzo ni kubwa, mtoto wa mama mdogo anayetambaa anaweza kupita. Tumepitisha kamba huku na huku, lakini kamba si gardefu. Sudere anangojewa. Sisi tutakwenda kuangalia mwisho wa mwezi, na Baba anajua kwamba tutakwenda.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

Swali la kwanza: ngazi ya nyumba yenu (au ya jirani, kwa ruhusa) ina vipandio vingapi, na rampe ina kimo gani kutoka ncha ya kipandio? Kama hakuna rampe, andika "hakuna", na tangu mwaka gani.

La pili: nyumbani kwenu nani anapandisha maji, na mkono wake upi uko huru? Muulize yeye, usimjibie.

La tatu, kwa wa hesabu: upana wa kukanyaga ni sentimita 24, vyuma ni vya 12, viwili kwa kila kipandio. Je, nafasi inakubalika kwa Wafaransa? Na kwa wanaotaka 10?

Majibu yaletwe Jumatatu kwa doyen wa kila darasa. Wenye "hakuna" waje baada ya masomo wakiwa na kipimo cha urefu wa ngazi. Miti ya kaliptusi imebaki minne, na waya upo.

Kwa niaba ya mwaka wa mwisho,
Mkuu wa wanafunzi